Nyumba ya Lorene Haikuwa na Mtu

Kabla ya mambo haya yote, Lorene Kubicek alikuwa na mdomo. Zelenka ni mji mdogo wa Texas, kanisa moja, bucha moja, kituo kimoja cha zimamoto, na yeyote aliyehama pale kufuata kazi alipita kwanza kwenye mdomo huo. Lorene alikuwa mpishi wa hospitali. Alikata tambi za supu huku akiwakata na watu.

"Dirisha giza lingine hilo," alisema kila nyumba ilipofungwa, au iliponunuliwa na watu wa Houston wanaokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. "Mtaishia kuwapikia mizimu mji huu."

Kaka yake mwenyewe, Raymond, alipoamua kuhamia Houston, Lorene alimvaa mlangoni pa kanisa, sinia la kolachi mkononi, ile mikate laini yenye jamu ya plamu katikati. "Nenda tu bwana," alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magari. "Sisi wenye haya tutabaki na baba." Watu walicheka. Raymond hakucheka. Aliinama akafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Halafu hospitali ikafungwa.

Lorene alitafuta kazi Zelenka, akatafuta miji ya jirani, akakosa. Baba alikwisha kufariki, nyumba ilikuwa yake, na paa la nyumba lilikuwa linavuja juu ya jiko na juu ya kitanda. Kazi aliyoipata ilikuwa mbali, kule magharibi ya Texas kwenye visima vya mafuta, safari ya kutwa nzima kwa gari: kuwapikia wanaume wa kambi. Angelala kwenye chumba cha bati chenye kitanda, sinki na dirisha la ukubwa wa kitabu. Mshahara ulikuwa mzuri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: aende, akusanye, aezeke upya, arudi.

Kilichomtia hofu ni kodi. Kwa sheria za kule, nyumba unayoishi mwenyewe hupewa nafuu ya kodi, na hata thamani ya ardhi ikiruka, kodi yako hairuki nayo yote kwa mara moja. Na thamani ilikuwa inaruka kweli, kwa sababu ya hao hao watu wa Houston. Wenye nyumba za mapumziko walilipa kodi ambayo Lorene asingeiweza. Nafuu ndiyo iliyomweka ndani ya nyumba ya baba yake. Ikiondoka, nayo nyumba inaondoka.

Sasa, kwenye kituo cha zimamoto cha Zelenka, kila Alhamisi jioni watu hula soseji na kucheza dhumna, na hapo ndipo habari zote za mji hupikwa. Hapo Lorene alisikia habari za gari jeupe.

"Ofisi ya tathmini, ile inayopanga kodi za nyumba, ina mtu wake," alisema mmoja. "Anapita na gari jeupe, anapiga picha."

"Picha za nini?"

"Kuona kama unaishi. Nyumba ikikaa kama haina mtu, kwisha habari yako. Nafuu wanafuta."

"Shemeji wa shemeji yangu walimfutia," akaongeza mwingine, "na alikuwa ameenda kutibiwa meno tu!"

Mtu angeuliza: si aende ofisini akapewa jibu? Ofisi iko umbali mfupi tu, kwenye mji mkuu wa wilaya, na mlango wake uko wazi. Lakini nyuma ya dirisha la ofisi ile alikaa Verlene, aliyekuwa mke wa Raymond, wifi wa Lorene wa zamani, ambaye alikataa kumfuata mumewe Houston na ndoa ikafia hapo. Kumuuliza Verlene ni kusema kwa mdomo wake mwenyewe: nami nahama. Ule mdomo uliosema vile mlangoni pa kanisa.

Lorene hakuuliza. Alinunua saa.

Zile saa ndogo za kuchomeka ukutani, unachomeka taa ndani yake, unazungusha, taa inajiwasha na kujizima kwa wakati uliopanga. Aliweka moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani. Ya nne, iliyosukuma swichi yenyewe badala ya kukata umeme, akaifunga kwenye redio ya baba yake, redio kubwa ya zamani iliyokuwa ikicheza polka, muziki wa dansi wa mababu zao, kila asubuhi na kila jioni kutoka stesheni ya pale karibu. Pikapu mbovu ya marehemu akaiacha uani, pua ikitazama barabara. Kwa watu akasema amepata kazi ya zamu mjini Victoria, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi watu wakiwa mezani. Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, Benita, binamu yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa pipa la taka mpaka barabarani kila wiki.

"Binamu," Benita alimpigia simu wiki ya kwanza, "pipa lako ni tupu. Wale jamaa wa lori wanainua, wanacheka."

"Tia kitu."

"Nitie nini?"

"Takataka, Benita!"

"Yaani nibebe takataka zangu, nivuke nazo mji kwenye gari langu, nikazitupe kwako? Nimewahi kuona wajinga, lakini wewe umetengeneza shule yao." Akafanya hivyo hivyo, mwaka mzima.

Lorene alipopata ruhusa, mara moja moja, alirudi nyumbani na kufanya kelele. Alifagia baraza kwa nguvu. Alipiga honi kwa watu asiowajua. Kabla ya kuondoka alizikagua saa zake, moja moja, kama mtu anayewalaza watoto.

Ng'ambo ya barabara aliishi Mzee Alfons Machala. Huyu alikuwa rafiki wa baba yake tangu utoto wao, mgane, mrefu, masikio kama vipini vya kikombe. Alikuwa mzimamoto wa kujitolea tangu ujana wake na kila mwaka walimwambia sasa apumzike, naye kila mwaka alisema mwaka ujao. Tena alikuwa mpigaji wa kodiani, kile kinanda cha kukunjua na kukunja kifuani, kwenye bendi ya parokia. Vidole vyake vilikuwa vinene kama soseji alizotengeneza mwenyewe, na hakuna aliyeelewa jinsi vilivyopita kwenye vitufe vile vidogo bila kugongana. Watoto walikuwa wakisimama mbele yake kwenye sikukuu wakitazama vidole tu, midomo wazi, wamesahau kucheza.

Kila jioni, taa ya sebuleni kwa Lorene ilipowaka, Mzee Alfons alinyanyua mkono kutoka barazani kwake.

"Jana nimekupungia," alimwambia Lorene siku moja aliyokuwa amekuja. "Hukunipungia."

"Nilikuwa bafuni, Mzee."

"Na juzi?"

"Juzi..." Lorene alijifanya kukohoa. "Miguu, Mzee. Nikirudi kazini sinyanyuki."

"Pole mwanangu. Wanakukamua huko." Akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ikamwingia Lorene kama mwiba wa samaki. "Soseji nilizokuachia mlangoni zilikuwaje?"

"Tamu sana."

Soseji zile alizila Benita. Lorene alirudi kambini siku hiyo akiendesha huku amezima redio ya gari, maana kila wimbo ulimkumbusha mlango wake.

Mvua ilianza siku za mwanzo za majira ya joto na haikunyesha kama mvua nyingine. Jumamosi asubuhi Lorene alikuwa akigawa mayai kambini, kule ambako hata vumbi lina kiu, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Benita.

"Kijito cha Chmela kimepanda mpaka kwenye barabara yako," Benita alisema. Alikuwa anahema. "Lorene, uko wapi?"

"Unajua niko wapi."

"Mimi najua. Wao hawajui."

Mwanamume aliyekuwa mbele ya foleni alinyoosha sahani yake. Lorene aliitazama ile sahani asiielewe ni kitu gani.

"Wao nani?" aliuliza.

"Zimamoto. Walikuja kwako na mashua. Mashua ya Mzee Alfons." Benita alianza kulia. "Nilichelewa kusikia, Lorene. Nilipofika pale daraja lilikwisha kufungwa, nikawa nawapigia Orsak na wenzake simu hawashiki, unashikaje simu kwenye maji vile? Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka."

Yaliyotokea Lorene aliyapata vipande vipande, kwa siku kadhaa, na kila kipande kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Orsak, mkuu wa zimamoto, alikuwa kwenye mashua, pamoja na vijana wawili na Mzee Alfons. Walipita nyumba kwa nyumba. Kwa Lorene maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha, pikapu imezama mpaka paa. Walimwita. Kimya. Orsak alisema labda ametoka, twendeni, mkondo unazidi. Wakaanza kugeuza.

Ndipo Mzee Alfons akasema, "Nyamazeni." Wakanyamaza. Ndani ya nyumba redio ilikuwa inacheza polka.

Umeme wa mji wote ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Lakini redio ile ya marehemu ilikuwa na betri ndani, za akiba, za siku za vimbunga. Umeme ukikatika, inahamia kwenye betri yenyewe. Na bila umeme, saa iliyokuwa imeiwasha alfajiri ilisimama hapo hapo, haikuwa na nguvu ya kuizima. Basi iko juu ya kabati, inacheza, inacheza.

"Yumo," alisema Mzee Alfons. "Anasikiliza redio na hawezi kutujibu. Ameumia." Akashuka majini, akavunja dirisha, akaingia. Aliita kila chumba. Hakukuwa na mtu. Alipotoka, mkondo uliisukuma mashua ikagonga nguzo ya baraza, na mkono wake wa kulia ulikuwa kati ya mashua na nguzo. Mashua ilipinduka. Vijana walimshika kola, wote wanne wakaning'inia kwenye mti wa pekani mpaka mashua nyingine ikafika. Ya Mzee Alfons haikuonekana tena.

Lorene aliendesha kutwa nzima. Njiani alitunga maneno ya kuungama, akayanyoosha, akayafupisha, akayasema kwa sauti peke yake ndani ya gari. Yalikuwa maneno mazuri. Alipofika ukumbi wa parokia, walikokusanyika waliofurikwa, hakupata nafasi ya kusema hata moja, kwa sababu akina mama walimwangukia shingoni.

"Yu hai! Jamani, Lorene yu hai!"

"Tulidhani maji yamekuchukua!"

"Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Umetuua kwa hofu!"

Walikuwa wakilia. Mmoja alikuwa amemshika mashavu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Na hapo, katikati ya machozi yale, ule mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Nilitoka jioni ya Ijumaa," alisema. "Nililala kwa rafiki, Victoria."

"Mungu mkubwa!"

Wakampa blanketi, ingawa alikuwa mkavu. Wakampa supu ya tambi. Aliinywa yote, kwa sababu walikuwa wanamtazama. Jumapili padre alimtaja jina kwenye shukrani. Kanisa zima likageuka kumtabasamia. Lorene aliinamia viatu vyake, na kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, lakini aliinama akazifunga tena, na hapo akamkumbuka Raymond akajua kwa nini.

Maji yalipoondoka walikuja kumsafishia nyumba. Hakuwaita. Walikuja tu, na masepetu na ndoo, wale wale vijana wa mashua na wake zao. Tope lilifika kiunoni kwenye kuta. Mzee Alfons naye alikuja, mkono wa kulia ndani ya plasta mpaka kiwiko, na kwa sababu hakuweza kushika sepetu walimpa kazi ya kuchomoa vitu ukutani.

Lorene alikuwa jikoni alipomwona akiinama sebuleni. Mzee alichomoa waya wa taa, akakuta saa. Akaipangusa tope kwa kidole gumba cha kushoto. Akaenda chumbani. Akarudi na nyingine. Akaja jikoni, akapita kando ya Lorene bila kusema, akachomoa ya tatu. Ya nne ilikuwa bado imeng'ang'ania waya wa redio. Alisimama mbele ya redio muda mrefu, mgongo kwake, masikio yale makubwa yakiwaka mekundu kwa mwanga wa dirisha.

"Saa hizi zimeingia maji," alisema hatimaye. Akazitia zote kwenye mfuko wa koti, akatoka nje, akavuka barabara kwenda kwake.

"Mzee amechoka?" aliuliza kijana mmoja.

"Amechoka," alisema Lorene.

Jumatatu alikwenda ofisi ya tathmini. Hakujua alikuwa anatafuta nini. Labda alitaka kusikia kwamba hakuwa na njia nyingine, kwamba sheria ilimbana, kwamba mwenye akili yoyote angefanya vile vile.

"Ho!" Verlene alimwona kabla hajafunga mlango. "Wifi wa zamani! Umekuja kunisalimia au kunirudishia Raymond? Kama ni Raymond, sina pa kumweka."

"Nina swali, Verlene."

"Uliza. Mafuriko? Kuna punguzo la waliofurikwa, nitakusaidia."

"Si mafuriko." Lorene alishika ukingo wa meza. "Mtu akienda kufanya kazi mbali. Mbali sana. Nyumba yake ikabaki. Ile nafuu inakuwaje?"

Verlene alimtazama. "Mtu huyo amenunua nyumba huko aliko? Ameomba nafuu kama hiyo kwingine?"

"Hapana. Analala kwenye chumba cha kambi. Kitanda na sinki."

"Anakusudia kurudi?"

"Ndiyo."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi anayo. Akiwa hajafanya makazi mengine, na akirudi kabla ya miaka miwili kutimia, nafuu ni yake. Watu wanakwenda kazini kila siku, Lorene. Angekuja tu hapa akatuambia anuani ya kumpata, tungeandika, tukamtakia safari njema."

"Na yule mtu wa gari jeupe?"

"Nani? Huyu wetu?" Verlene akaangua kicheko. "Yule anapiga picha mabanda mapya! Anaangalia nani kaongeza chumba. Mnamwogopa huko kituoni? Hahesabu taa za watu, wifi, na hata angezi..."

Kicheko kilikatika. Lorene aliona kitu kikipita usoni mwa Verlene, polepole, kama mtu anayesoma ishara ya barabarani kwa mbali.

"Ile redio," Verlene alisema.

Lorene aliachia ukingo wa meza.

"Lorene. Kanisa zima linasema uliiacha kwa bahati mbaya." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Mzee Alfons anajua?"

"Nadhani."

Mwanamke yule, ambaye kwa miaka alikuwa na haki yote ya kumcheka Lorene Kubicek, hakumcheka. Alisukuma boksi la karatasi za kufutia machozi upande wake na kugeukia kabati lake, akawa anapanga vitu vilivyokuwa vimepangwa. Ingekuwa afadhali amcheke.

Alipofika kwa Mzee Alfons, mzee alikuwa barazani. Mezani mbele yake zilikuwa zile saa nne, zimefunguliwa, zimesafishwa kwa mswaki wa meno. Kodiani ilikuwa ndani ya sanduku lake, na sanduku lilikuwa limefungwa. Lorene hakuwahi kuliona limefungwa.

"Karibu ukae," alisema mzee. "Nimejaribu kuzifufua kwa mkono mmoja. Hii inatembea bado, sikiliza." Akaisogeza. Ilikuwa inatembea kweli, tik, tik, tik.

Lorene alikaa. Yale maneno mazuri ya garini hayakuwepo. "Sikuwepo, Mzee," alisema. "Sikuwa Victoria. Sijafanya kazi Victoria hata siku moja. Niko magharibi, napika kambini, tangu mwaka jana. Niliogopa kodi. Na niliogopa... nyie. Vile nilivyowasema wenzangu."

Mzee Alfons alitikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Nilikuwa nakupungia," alisema. "Kila jioni. Nikisema, binti wa rafiki yangu amefika salama, sasa nami naweza kuingia ndani nikale." Akageuka akamtazama. "Nilikuwa nampungia nani, Lorene?"

Aliishika ile saa inayotembea kwa mkono wa kushoto.

"Hii?" aliuliza.

Lorene alilia basi. Alilia vibaya, na kamasi zikimtoka, na mzee alimwacha alie bila kumpigapiga bega.

"Daktari anasemaje mkono?" alipata kuuliza mwishoni.

"Vidole vitakunja. Uma vitashika. Vile vitufe," akalitazama lile sanduku, "hapana."

"Nisamehe."

"Mkono ni wangu. Nimekusamehe, nilikusamehe nikiwa jikoni kwako, kabla sijavuka barabara. Nilikuwa na hasira nikakusamehe nikiwa nayo." Alivuta pumzi. "Lakini Orsak alisema tuondoke. Mimi ndiye niliyesema yumo. Wale vijana wawili waliniamini, mmoja mkewe ana mimba, na wangekufa wanatafuta redio. Hilo si langu kusamehe. Alhamisi njoo kituoni."

"Siwezi, Mzee."

"Unaweza. Mdomo unao."

Alhamisi alikwenda. Harufu ya soseji, moshi, meza tatu za dhumna. Alisimama karibu na gari la zimamoto akasema yote, kuanzia saa mpaka supu ya tambi, akitazama tairi. Alipomaliza hakuna aliyecheza. Kolby, yule kijana mwenye mke mjamzito, alisukuma kiti, akavaa kofia, akatoka. Walisikia gari lake likiondoka. Hajamsalimia Lorene mpaka leo, na Lorene hamdai salamu.

"Mwaka mzima!" alisema mzee mmoja wa bucha. "Na mimi nikimwambia mke wangu, tazama Lorene, huyo ndiye mwana Zelenka, hahami."

"Acha," alisema Orsak. Alikuwa akigeuza kete ya dhumna vidoleni. "Ninachotaka kujua ni kimoja. Maji yakija tena, mimi nitajuaje nyumba ipi ina mtu?"

Yule wa bucha mwenyewe akakohoa. "Ile nyumba ya mwanangu pale kona," alisema bila kumtazama mtu. "Yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta. Taa zile... nawashaga mimi."

"Ha!" alisema mtu.

"Kwa ajili ya gari jeupe tu!" alijitetea wa bucha.

Mwingine akakuna shingo. "Dada yangu yuko Dallas tangu Krismasi. Msimwambie mtu."

Waligeukiana wale wanaume na haya zao. Mmoja akaanza kucheka, akaacha, maana Mzee Alfons hakucheka. Mzee alinyanyuka, akaenda kwenye ubao wa ukutani wanakoandikia zamu, akaufuta kwa mkono wa shati. Akaomba nyundo na misumari. Orsak akaipigilia. Halafu mzee akamnyoshea Lorene kiganja cha kushoto.

"Ufunguo."

Lorene alitoa ufunguo wa nyumba ya baba yake, ule wa akiba. Mzee Alfons aliutundika kwenye msumari wa kwanza, na chini yake, kwa chaki, kwa mkono ambao haukuzoea kuandika, akachora herufi zilizolala na kugongana kama za mtoto wa shule: KUBICEK. YUKO KAZINI. ATARUDI.

Lorene aliisoma, akaisoma tena. Ndiyo habari yote ambayo ofisi ya Verlene ingetaka kuambiwa. Ilikuwa inatosha kwenye ubao.

"Sasa mnacheza au mnaomboleza?" alisema mzee akirudi kwenye kiti chake. "Orsak, changanya."

Orsak alichanganya kete, kila mtu akavuta zake. Mzee Alfons alivuta zake kwa kushoto, lakini kuzisimamisha mstari mmoja, zimtazame yeye tu, kulimshinda. Moja ilianguka chali, akaifunika haraka kwa plasta. Nyingine ikaanguka. Wenzake wote walijitia kutazama pengine.

Lorene alivuta kiti akakaa kando yake. Aligeuza uso kabisa, akatazama lile gari la zimamoto jekundu, na kwa kupapasa akaanza kumsimamishia mzee kete zake, moja baada ya nyingine.

"Usichungulie," alisema Mzee Alfons.

"Sichungulii, Mzee."

"Hm." Mzee alizikagua kete zake, zote zimesimama. "Tutaona."